Farasi wa Ngamiani

Kupangua herufi za jina la filamu hadi zitoe maneno mengine ni kazi inayomtesa mtungaji kuliko mtatuzi, kwa sababu majina mengi hayakubali kugeuzwa kwa Kiswahili. Titanic ina C isiyofuatwa na H, na hata mtoto wa darasa la tatu akiiona ubaoni anajua papo hapo kwamba jibu si la hapa kwetu. Sholay, ile ya mwaka 1975 ambayo wazee wa Tanga bado wanaisimulia utadhani waliicheza wao, hutoa HAYO, kisha S na L zinabaki hazina pa kwenda. Ndiyo maana nilipoona kwamba Sarafina, bila kuongeza wala kupunguza herufi, hutoa FARASI NA, usiku ulikuwa mrefu kweli kweli.

Kijiwe chetu cha kahawa kiko Ngamiani, na muuza kahawa hutuazima ubao wake, ambao kwa kawaida huandikwa bei ya kashata na matangazo ya misiba. Fumbo huandikwa juu kwa herufi kubwa, kidokezo chini kwa herufi ndogo, na mshindi hunywa kahawa ya bure. Baada ya Alasiri niliandika FARASI NA! pamoja na alama ya mshangao, kwani filamu yenyewe inayo katika jina lake, nami si mtu wa kudhulumu fumbo. Chini yake nikaandika: Filamu, 1992, Soweto. Kisha nikaenda zangu sokoni.

Huku nyuma akaja mzee mmoja mwenye heshima zake, amevaa kanzu ya buluu iliyokoza, akaketi na kuuegemea ubao. Kwa kuwa hakujaaliwa urefu, herufi za juu zilisalimika, lakini kidokezo chote kilihamia mgongoni mwake.

Niliporudi, kijiwe kilikuwa hakina pa kukanyaga. Watoto walikuwa juu ya ukuta wakichungulia barabara. Mama mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, farasi na nini? Maana mimi nimeanika muhogo nje." Mzee mwingine alishikilia kwamba ni farasi na ngamia, kwani mtaa hauwezi kuitwa Ngamiani bure. Kijana anayewapelekea majani wafugaji wa ng'ombe wa maziwa alikuwa ameshashusha miganda miwili kutoka kwenye baiskeli yake. "Farasi hali kidogo, kaka," akaniambia, "ongeza na wa tatu kabisa."

Nikapaza sauti kwamba hakuna farasi, hiyo ni filamu tu. Laiti ningenyamaza! Habari zikasambaa kwamba watu wa filamu wanakuja kupiga picha na farasi wao, na wasichana waliokuwa wamesimama kando wakakimbilia nyumbani kubadilisha nguo. Mwenye majani akapandisha bei.

Adhana ya Magharibi ndiyo iliyotutawanya. Baada ya swala, mwalimu mmoja wa hisabati alikuja moja kwa moja kijiweni na kutamka, "Sarafina." Alipobanwa aeleze alivyolipata, alijibu kwamba aliswali safu ya nyuma ya yule mzee, na kwamba 1992 na Soweto vilikuwa mbele ya macho yake, vimeandikwa kinyumenyume, tangu rakaa ya kwanza. Kuna waliosema hilo si jibu halali, na kuna waliosema hiyo si swala halali, lakini kahawa aliipata.

Ilinibidi niwaeleze waliobaki kwamba hiyo ni filamu ya wanafunzi wa Soweto na uasi wa mwaka 1976, kwamba Leleti Khumalo ndiye Sarafina mwenyewe, na Whoopi Goldberg ndiye mwalimu wao. Walinisikiliza kwa adabu yote ya Tanga. Mwenye majani alingoja nimalize, akaitazama miganda yake, akaniuliza, "Huyo Sarafina, hata mbuzi hafugi?"