Mombasa Desemba au Agosti? Hesabu ya familia ya Kisumu na Nakuru

Likizo ndefu ikikaribia, familia nyingi za Kisumu na Nakuru hujadili jambo lilelile: Krismasi twende Mombasa au tungoje Agosti? Wa Desemba wanaisifu bahari, wa Agosti wanatetea mfuko. Pande zote mbili zina hoja, ila mara nyingi kila upande hupigania jambo ambalo familia yenyewe haiendi kufanya.

Bahari kwanza. Desemba hadi Machi huvuma kaskazi. Jua ni kali, joto la mchana hupita nyuzi 30, na maji hutulia na kuwa maangavu. Anayetaka kupiga mbizi kule Kisite au Watamu asidanganywe na bei ya Agosti, kwa kuwa wakati huo upepo wa kusi huchafua bahari nje ya mwamba wa matumbawe, na safari za mbali za boti huahirishwa. Desemba pia ni msimu wa maembe, boribo na ngowe, na hilo si dogo.

Lakini ni watoto wangapi kutoka Kondele, Kisumu, wanaokwenda nje ya mwamba? Nyali, Bamburi na Diani zina mwamba unaovunja mawimbi mbali na ufuo, kwa hiyo hata wakati wa kusi watoto huogelea upande wa ndani. Joto la Agosti hukaa karibu nyuzi 28, nafuu kubwa kwa aliyezoea baridi ya Nakuru. Tena kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu. Wa Desemba hawaoni hata mkia.

Kuhusu gharama, wa Agosti wana haki upande wa vyumba. Kwenye nauli wanatia chumvi. Kabla ya Krismasi, umati hutoka Nairobi kuelekea magharibi. Anayetoka Kisumu kwenda Nairobi anasafiri kinyume na umati, na baada ya Mwaka Mpya anarudi vivyo hivyo. Kikwazo ni kipande cha Nairobi hadi Mombasa. Nauli za basi hupanda. Treni ya SGR haipandishi kwa ajili ya sikukuu (daraja la kawaida lilipandishwa hadi shilingi 1,500 Januari 2024), ila viti huisha mapema, na anayekosa tiketi huangukia basi la bei ya juu. Kumbuka pia treni inaishia Miritini, si katikati ya mji. Wa Diani wapitie barabara ya Dongo Kundu, wasijipeleke kwenye foleni ya feri ya Likoni.

Aprili? Masika huanza, na Mei ndiyo hunyesha zaidi. Vyumba ni rahisi, ila hoteli nyingine hutumia kipindi hicho kufanya ukarabati.

Kinachoharibu likizo nyingi za watu wa bara hata hivyo si mwezi wa kalenda, ni mwezi wa angani. Ziwa Victoria halina maji kupwa na kujaa ya kuonekana kwa macho, kwa hiyo mtu wa Kisumu hafikirii kuyauliza. Mombasa, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na siku mbili tatu baadaye, huwa bamvua: maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Familia inatoka kwenye kifungua kinywa na kukuta mwani, madimbwi na bahari iliyorudi nyuma mita mia kadhaa. Baada ya juma moja mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, na tofauti ya kupwa na kujaa huwa ndogo.

Kwa hiyo wa kuogelea asubuhi alenge nusu mwezi. Wa kutembea mwambani alenge bamvua, avae viatu vya plastiki kwa sababu ya wanyama wa miiba myeusi waliojificha mashimoni, na aanze kurudi kabla maji hayajageuka. Yakigeuka, hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na ufuo. Kila siku saa za kupwa na kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo jibu la jana la mvuvi halikufai leo, muulize tena.