Mageuko ya Viumbe na Chanzo cha Uhai: Maswali Mawili, Uhakika Usiolingana

Mjadala kuhusu mageuko ya viumbe mara nyingi huanzia kwenye swali moja na kuishia kwenye jingine bila wanaojadiliana kutambua. Mmoja hutaja visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa katika miamba, vya Olduvai na Turkana, mwenzake humuuliza uhai wenyewe ulitoka wapi, na yule wa kwanza hujikuta akitetea jambo ambalo visukuku hivyo havilihusu. Mpinzani huona ameshinda kwa kuwa hakupewa jibu, na mtetezi, akiogopa kuonekana ameshindwa, hujibu kwa uhakika ambao sayansi yenyewe haina. Kwa maoni yangu wote wawili hukosea kwa namna ileile, kwa sababu huyachukulia mageuko na chanzo cha uhai kuwa dai moja linalosimama au kuanguka kwa pamoja. Kitabu ambacho Charles Darwin alikichapisha mwaka 1859 kilieleza jinsi spishi, yaani aina za viumbe, zinavyotokana na spishi nyingine, lakini hakikudai kueleza jinsi kiumbe cha kwanza kilivyopatikana.

Katika swali la mageuko ushahidi ni mwingi, na baadhi yake umo katika damu ya watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wanaobeba nakala moja tu ya jeni ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na kwamba jeni hiyo imeenea zaidi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko katika nyanda za juu zenye baridi. Jeni inayomletea mtoto ugonjwa mzito akirithi nakala mbili ingetarajiwa kufifia. Ilidumu kwa sababu palipo na malaria wenye nakala moja walinusurika zaidi na kuzaa. Vimelea navyo vilibadilika. Malawi iliacha kutumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1993 kwa kuwa haikuwa ikiviua tena, na miaka kadhaa baadaye, dawa hiyo ikiwa haitumiki, vimelea visivyoweza kuihimili vilikuwa vimerejea kutawala nchini humo.

Mpinzani makini atasema kwamba vimelea hivyo vimebaki kuwa vimelea vya malaria na binadamu amebaki kuwa binadamu. Hoja hiyo inastahili heshima, kwani kushuhudia mabadiliko madogo si sawa na kushuhudia aina mpya kabisa ya mnyama ikitokea. Hata hivyo, madai makubwa ya mageuko hayategemei mifano hiyo peke yake. Binadamu ana jozi 23 za kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, ilhali sokwe mtu ana 24, kwa hiyo, kama wana asili moja, inatarajiwa kwamba kromosomu mbili ziliungana katika ukoo wetu. Na kweli kromosomu yetu ya pili ina katikati yake mfuatano wa aina inayopatikana kwenye ncha za kromosomu, pamoja na mabaki ya sentromia (kifundo ambacho kila kromosomu huwa nacho kimoja) ya ziada. Vivyo hivyo, watafiti waliokwenda kisiwa cha Ellesmere, kaskazini mwa Kanada, waliichagua miamba yenye umri wa takriban miaka milioni 375 kwa kuwa ndimo walimotarajia kiumbe wa kati baina ya samaki na wanyama wa miguu minne. Baada ya misimu kadhaa ya kazi, mwaka 2004, walimpata Tiktaalik, mwenye magamba na mapezi, lakini pia mwenye shingo na mifupa inayofanana na ya kifundo cha mkono ndani ya pezi. Utabiri huo ungeweza kushindwa, na hapo ndipo ulipo uzito wake.

Tukigeukia chanzo cha uhai, hali ni nyingine kabisa. Mwaka 1953 Stanley Miller, mwanafunzi wa Harold Urey katika Chuo Kikuu cha Chicago, alitangaza kwamba alikuwa amechanganya maji, methani, amonia na hidrojeni ndani ya chupa za kioo, akapitisha cheche za umeme kuiga radi, na kupata asidi amino, ambazo ni viunzi vya protini. Jaribio hilo limesimuliwa mno, nyakati nyingine kana kwamba lilimaliza kazi. Baadaye wanajiolojia wengi waliona kwamba hewa ya dunia changa huenda ilikuwa zaidi ya kaboni dioksidi na nitrojeni, mchanganyiko usiotoa mazao hayo kwa urahisi. Pingamizi hilo lina nguvu, ingawa si kubwa kama wapinzani wanavyolikuza, kwa maana kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 kilikutwa na asidi amino nyingi zilizoundwa nje ya dunia. Ugumu wenyewe uko mbele zaidi. Seli za leo huhitaji protini ili kuinakili DNA, molekuli inayohifadhi taarifa za urithi, na huhitaji maelekezo ya DNA ili kutengeneza protini. Thomas Cech na Sidney Altman walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1989 kwa kugundua kwamba RNA, molekuli inayofanana na DNA ambayo nayo hubeba taarifa za urithi, inaweza pia kuchochea mimenyuko ya kemikali kama protini zifanyavyo, na ugunduzi wao ulipunguza fumbo hilo bila kulimaliza. Hadi sasa hakuna maabara iliyoonyesha njia nzima kutoka kemikali sahili hadi seli inayojizalisha.

Katika pengo hilo pande zote huingiza hoja dhaifu. Wapinzani humtaja Louis Pasteur, aliyethibitisha kwamba mchuzi uliochemshwa na kukingwa na vumbi hauoti vijidudu, lakini majaribio yake yalihusu vijidudu vya siku hizi na hayakugusa kemia ya polepole ya miaka bilioni nne iliyopita. Wengine hukokotoa uwezekano wa protini nzima kujipanga kwa bahati mara moja, ingawa hakuna mtafiti makini anayedai kwamba ilitokea hivyo. Watetezi nao husema kwamba muda ulikuwa mrefu, kwa hiyo ni lazima uhai ungetokea. Hiyo pia si hoja, kwa sababu urefu wa muda hausaidii chochote mpaka ijulikane ni mchakato gani uliokuwa ukifanya kazi ndani ya muda huo.

Kuhusu uhakika wa kisayansi, mfano unaofaa kukumbukwa ni wa Lord Kelvin. Mwaka 1897 mwanafizikia huyo, aliyeheshimiwa kuliko karibu wote wa zama zake, alikadiria umri wa dunia kuwa miaka milioni 20 hadi 40, muda mfupi mno kwa nadharia ya Darwin. Hesabu zake zilikuwa sahihi. Kasoro ilikuwa katika dhana alizoanzia, kwani aliitazama dunia kama chungu kilichoepuliwa na kuachwa kipoe, bila kujua kwamba ndani yake mna unururifu, yaani kuvunjika kwa atomi zisizo thabiti, unaozalisha joto. John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alikuwa amemwonyesha mwaka 1895 kwamba joto likisafiri kwa urahisi zaidi katika kina cha dunia hesabu ile huvunjika, lakini hakusikilizwa sana. Leo umri unaokubalika ni takriban miaka bilioni 4.54. Wapo wanaohitimisha kutokana na kisa kama hiki kwamba, kwa kuwa sayansi hujirekebisha, mageuko nayo yataanguka siku moja. Hitimisho hilo halifuati, maana marekebisho hayo yalimwongezea Darwin muda aliouhitaji. Kinachofuata ni kwamba kila dai lipimwe kwa dhana zake na kwa idadi ya njia tofauti zinazolifikia. Asili moja ya viumbe inafikiwa kwa visukuku, kwa jeni na kwa mgawanyo wa spishi duniani, ilhali kila maelezo ya chanzo cha uhai bado yanategemea dhana ambazo hazijathibitishwa.

Kwa upande wa imani, mgongano si wa lazima kama unavyodhaniwa. Papa Pius XII aliruhusu mwaka 1950 utafiti kuhusu asili ya mwili wa binadamu, na John Paul II alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana ya kukisia. Miongoni mwa wanazuoni wa Kiislamu wapo wanaokubali mageuko ya wanyama huku wakimtenga Adamu. Anayeegemeza imani yake kwenye pengo la maarifa huiweka mahali panapoweza kuzibwa na utafiti wa kesho. Naye anayedai kwamba sayansi imekwisha kumwondoa Mungu anazungumzia jambo ambalo hakuna chombo cha maabara kinacholipima.

Tena, hata siku ambayo mtafiti atafanikiwa kupata seli hai kutoka kemikali tupu, atakuwa ameonyesha njia moja inayowezekana, na bado kutahitajika ushahidi kwamba ndiyo iliyopitiwa. Ushahidi huo ni haba, kwa kuwa miamba yenye umri wa miaka bilioni nne ni michache mno duniani, na ile iliyopo imebadilishwa sana na joto na mgandamizo.