Wakulima wa Saa Nne

Chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu kilichoniomba programu ya mizani, huko upande wa Hombolo, Dodoma, kilinipa masharti mawili ambayo katibu aliyaandika kwa mkono na kuyagonga muhuri. Programu iendeshwe na Windows, kwa kuwa ndiyo iliyopo ofisini. Na kila risiti ihifadhiwe kwa jina la saa ambayo mzigo umepimwa, kwa kuhesabu saa zetu za Kiswahili na kwa nukta pacha katikati kama inavyoandikwa shuleni, yaani saa 4:10, saa 4:12 na kuendelea, ili mkulima akija kulalamika atafutwe kwa saa aliyofika. Mimi hufanyia kazi zangu kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, nyumbani Nkuhungu, na sikuona tabu yoyote, kwa sababu Go, lugha ninayoandikia programu, imenidekeza: tangu toleo la 1.5 lililotoka mwaka 2015, ukitanguliza GOOS na GOARCH, yaani mfumo na aina ya prosesa unayoijengea, mbele ya amri ya kujenga, kompyuta ya Linux hukompaili, yaani hutengeneza kutoka kwenye msimbo, programu ya Windows bila kuwahi kuiona Windows yenyewe.

Katibu alikuwa amenihakikishia kwa simu kwamba kompyuta yao ni mpya, ila ina Windows 7. Nilipofika niligundua kwamba upya wenyewe ulikuwa wa kununuliwa juzi. Nilichomeka fleshi, nikabofya mara mbili, na kompyuta ikajibu kwa Kiingereza kwamba faili hili halipatani na Windows iliyomo. Wazee waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi ya foleni walisogea. Mmoja alishauri mashine izimwe ipumzike, mwingine akauliza kama nimeisalimia, na wa tatu akasema "Mbukwa", salamu ya Kigogo, mbele ya kioo kwa sauti ya heshima kabisa. Haikusaidia. Windows ile ilikuwa ya biti 32, na mimi nilikuwa nimeijengea ya biti 64. Nilifungua laptopu yangu, ambayo kwa bahati bado ilikuwa na Go 1.20, toleo la mwisho linaloikubali Windows 7, nikabadilisha amd64 (biti 64) kuwa 386 (biti 32), jina linalotokana na prosesa ya Intel ya mwaka 1985, ambayo kwa macho yangu ilimzidi katibu umri, nikakompaili upya. Programu ikafunguka. Mzee wa "Mbukwa" alipigiwa makofi, akayapokea.

Upimaji ulianza saa nne asubuhi na ulikwenda vizuri mno. Kreti zilipanda mizani, karani akaandika, foleni ikatembea. Ilipokaribia saa tano, mweka hazina, mtu ambaye huhesabu hata chenji ya mwenzake kwenye daladala, alifungua folda ya risiti ili kuhakiki. Ndani mlikuwa na faili moja tu. Alilisoma jina na ukubwa wake kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni:

"Saa nne. Sufuri."

Kimya kikapita, kisha mama mmoja aliyekuwa bado ana vumbi la bodaboda akanigeukia. "Mwanangu, mimi nimepima kreti sita hapa hapa. Hiyo sufuri ni ya nani?"

Ilikuwa ya wote. Kwenye Linux nukta pacha ni alama kama alama nyingine, na faili linaweza kuitwa saa 4:10 bila kumkera mtu. Kwenye diski za Windows zenye mpangilio wa NTFS, alama hiyo ina kazi yake: kilicho kabla yake ni jina la faili, na kilicho baada yake ni jina la mkondo uliofichwa ndani ya faili hilo, hifadhi ya pembeni ambayo folda haiihesabu. Ukijaribu kuandika jina kama hilo kwa mkono, Windows hukukatalia papo hapo. Programu ikifanya hivyo, inaruhusiwa bila neno. Kwa hiyo wakulima wote wa saa nne walikuwa wamegeuzwa mtu mmoja, na mtu huyo, kwa jinsi folda ilivyomwonyesha, hakuwa na zabibu hata punje.

Nilijaribu kueleza haya, lakini neno "umefichwa" lilinipotezea wasikilizaji. Mweka hazina alichukua fleshi yangu ili anakili faili kama ushahidi wa kupeleka kwa mtendaji wa kata. Fleshi ile ilikuwa ya FAT32, mpangilio mwingine wa diski ambao haujui mikondo, na Windows ilimuuliza kwa adabu kama ana hakika anataka kunakili faili bila sifa zake. Akabofya ndiyo, kwa kuwa sijamwona akibofya kitu kingine, kisha akapanda bodaboda na utupu mtupu mfukoni. Baada ya muda mtendaji alimpigia simu katibu kuthibitisha kwamba amelifungua faili kwenye kompyuta ya serikali, na kwamba ni sufuri kweli.

Wakati huo nilikuwa nimefungua dirisha la amri na kuandika dir /r, amri inayoorodhesha faili pamoja na mikondo yake. Saa 4:10 ikatokea, saa 4:12 ikafuata, na foleni nzima ikashuka kwenye kioo kama ilivyokuwa imesimama. Nikaanza kusoma risiti moja baada ya nyingine, mama wa kreti sita akapata kreti zake sita, na katibu akatangaza kwa ukali kwamba kuanzia sasa saa zitaandikwa kwa nukta moja, kana kwamba nukta ya pili ilikuwa imeletwa na mimi kutoka Nkuhungu.

Nilipokaribia saa 4:31, mzee wa "Mbukwa" aliniinamia sikioni.

"Fundi, hiyo yangu huwezi kuiacha humo humo?"

"Kwa nini, mzee?"

Alinionyesha kwa kidevu mtu aliyesimama nyuma yetu na daftari la madeni kwapani, akisubiri zamu hiyo isomwe.