Kanuni za adabu kwenye programu huria: zimlinde mtu, zisiilinde kazi yake

Septemba 2018 Linus Torvalds, aliyeianzisha mwaka 1991 Linux, programu huria (yaani yeyote anaweza kuusoma msimbo wake, maagizo iliyoandikiwa kompyuta, na kuurekebisha), aliomba radhi hadharani kwa maneno makali aliyokuwa akiwarushia wenzake miaka nenda miaka rudi, kisha akakaa pembeni wiki kadhaa. Siku hizohizo mradi wake uliiacha taarifa fupi ya mwaka 2015, iliyomtahadharisha kila mgeni kwamba kazi yake itachambuliwa na kukosolewa, ukapokea kanuni za mwenendo zilizotokana na Contributor Covenant, waraka ulioandikwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014. Wako waliopumua. Wako pia waliosema siasa imeingia karakana.

Ubishi huo haujesha, na sisi Zanzibar tumo ndani yake tupende tusipende. Takwimu zetu za afya zimepita kwenye DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa, walirusha droni juu ya Unguja na Pemba kupiga picha za ramani. Kijana wa Tunguu au Mbweni anayefanya kazi na zana za namna hii atafika siku ataripoti hitilafu au kutuma kiraka, yaani marekebisho ya msimbo, na atajibiwa na mtu asiyemjua, asiyejua yeye ni mtoto wa nani.

Wanaozitaka kanuni wana hoja nzito, na nzito kuliko zote si ile ya upole. Ni ya usalama. Mwaka 2022 akaunti ambazo wenyewe hawajulikani zilimwandama Lasse Collin, aliyekuwa akiisimamia xz, programu huria ya kubana mafaili, karibu peke yake, zikimlaumu kwa kuchelewa ilhali mwenyewe alishaeleza kwamba afya yake ya akili imekuwa ikimsumbua. Mwishowe madaraka yakafika kwa aliyejiita Jia Tan, naye akapachika mlango wa siri. Machi 2024 Andres Freund aliugundua kwa sababu tu kuingia kwenye kompyuta kwa SSH, njia ya kuingia kutoka mbali, kulichelewa kama nusu sekunde. Anayesema lugha ya kebehi ni jambo dogo mbele ya ubora wa kazi aitafakari kesi hiyo: kebehi ndiyo iliyotumika kumchosha mlinzi mpaka akatoa funguo.

Hoja yao nyengine ni ya watu wanaoondoka. Mwaka 2013 mhandisi mmoja wa kerneli, yaani kiini cha Linux, alimkabili Torvalds waziwazi kuhusu matusi. Kufika 2015 alishajitoa. Hatuwezi kuwahesabu walioondoka kimyakimya.

Wapinzani nao wasidharauliwe. Kerneli ya Linux imo ndani ya kila simu ya Android, na msimbo mbovu ukipita kwa sababu watu walioneana haya, hasara haimwangukii aliyeonewa haya. Halafu kuna suala la nani anahukumu. Agosti 2024 Tim Peters, mmoja wa wakongwe wa Python, lugha ya kuandikia programu, alisimamishwa miezi mitatu, na wengi walilalamika kwamba sababu zilitajwa kwa ujumla mno mtu asiweze kuzipima. Novemba 2021 timu ya waangalizi wa mwenendo wa Rust, lugha nyengine ya namna hiyo, ilijiuzulu yote, ikisema wakuu wa mradi wamejiweka mahali ambapo hawawajibiki kwa yeyote. Kesi ya kwanza inalalamikiwa kwa ukali wa hakimu, ya pili kwa hakimu asiyemfikia mkubwa. Ukiyaweka pamoja utaona ugonjwa ni mmoja: karatasi ipo, lakini njia ya kuitumia haiaminiki.

Hapa kwetu upinzani huja kwa sura yake. Utaambiwa: adabu tumeikuta kwa wazee wetu, karatasi ya Marekani ya nini? Sikubaliani, ingawa naelewa inakotoka. Adabu yetu inakwenda kwa kujuana. Kijana akimjibu mtu mzima ovyo barazani pale Mkunazini, kabla ya Magharibi habari ishafika kwao. Kwenye mtandao hakuna kwao. Mtu ana jina la bandia na picha ya paka, na asubuhi ana jina jengine. Adabu inayotegemea kuogopa aibu haina cha kushika hapo.

Na tusijidanganye kwamba sisi hatuumizani. Tunaumizana kwa ustadi. Visiwa vilivyozoea kutumiana ujumbe kwa maandishi ya kanga na kupashana kwa taarab havihitaji tusi. Mtu ataandika chini ya kazi ya mwenzake, "Tunamshukuru ndugu yetu kwa juhudi, kila mtu na alichojaaliwa," na kundi zima litajua nani kapigwa na kwa nini. Orodha ya maneno yaliyokatazwa haiwezi kulikamata hilo. Anaweza kulikamata msimamizi anayejua lugha na watu, tena mwenye ujasiri wa kusema, "Bwana, sote tumekufahamu, iondoe."

Lakini tatizo letu kubwa, kwa maoni yangu, ni kinyume cha ukali. Mwanafunzi anauona msimbo wa maalim wake una kasoro, ananyamaza. Kwenye kundi la WhatsApp zinamiminika "Mashaallah, kazi nzuri," na kasoro inabaki palepale hadi imkute mtumiaji. Tunaita heshima. Kisha siku mchangiaji wa nchi ya mbali anamwandikia kijana huyo: "Kiraka hiki kinafuta rekodi ya mgonjwa akihamishwa kituo. Siwezi kukipokea. Rekebisha, andika na jaribio." Kijana anakasirika, anasema kavunjiwa heshima, anauacha mradi.

Hakuvunjiwa. Sentensi zote tatu zinahusu kiraka, na ya mwisho inamfungulia mlango wa kurudi. Angeandikiwa "Mwenye akili zake hawezi kuleta kitu hiki," hapo tungekuwa na kesi, maana hakuna alichoelezwa cha kurekebisha. Kilichotajwa ni akili yake tu. Kanuni isiyoitenganisha mifano hii miwili ni mbaya kuliko kukosa kanuni, kwa kuwa itakuwa ngao ya wakubwa wasiopenda kukosolewa. Na kwetu wakubwa wa namna hiyo hawahitaji ngao nyengine.

Kwa hiyo nipo upande wa kanuni zilizoandikwa, ila ziwe fupi, na ziseme waziwazi kwamba kazi ya yeyote, awe profesa au mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kule Pemba, itakosolewa mbele ya wote. Wenye hoja ya ubora wanapata haki yao hapo. Mwenendo wa mtu ni jambo jengine. Mila yetu ya kumwita mtu pembeni na kumnasihi kabla ya kumtangaza ni nzuri, na miradi mingi mikubwa ingefaidika nayo. Mtu aliyeaibishwa mbele ya maelfu huwa anajitetea badala ya kujirekebisha.

Nasaha ya pembeni ina mpaka wake, na mpaka huo tumeuvuka mara nyingi. Msichana anayeandikiwa usiku na mchangiaji mkongwe maneno yasiyohusu msimbo, akienda kulalamika, mara ngapi anaambiwa amstiri mwenzake? Stara inamfunika aliyekosa, na aliyekosewa anaachwa aamue kati ya kuvumilia na kuondoka. Hapa sioni pande mbili za kupimwa. Vitisho na usumbufu wa kijinsia visipelekwe kwenye nasaha. Viende moja kwa moja kwa wanaopokea malalamiko, na majina yao yajulikane kabla jambo halijatokea.

Linalonisumbua ni kwamba visiwa vyetu ni vidogo. Anayepokea malalamiko anaweza kuwa mjomba wa mlalamikiwa, au ndiye atakayesahihisha mtihani wa mlalamikaji. Katika Contributor Covenant watu hubishana zaidi juu ya orodha ya makosa. Mimi ningeanza na namna ya kuripoti, kisha niongeze kifungu cha kwetu: mwenye udugu, ajira au darasa moja na mhusika ajitoe. Na kwa kuwa mradi wa watu watano hapa unaweza usipate hata mmoja asiyehusika, kiti kimoja apewe mtu wa nje, wa Dar es Salaam au Mombasa, anayekijua Kiswahili cha mafumbo na asiyemjua yeyote kati yetu. Wako watakaosema huko ni kuanika mambo ya nyumbani kwa wageni. Wao ndio ningependa waeleze msichana wa Wete apeleke wapi malalamiko yake iwapo wasimamizi wote watatu wanakaa ofisi moja na anayemlalamikia.