Usubi: vidonge pekee, au na panga mtoni?

Wakazi wa Mahenge, mkoani Morogoro, wamemezeshwa kingatiba ya usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi mweusi anapouma watu, kwa zaidi ya miaka 20, na bado maambukizi yanaendelea. Je, tuendelee na vidonge pekee, au tumfuate inzi huyo huko mtoni anakozaliana?

Hoja ya vidonge ina uzito. Ivermektini, dawa ya vidonge hivyo, ambayo kampuni ya Merck imeahidi kuitoa bure tangu 1987, huua minyoo michanga inayowasha ngozi na kupofusha macho. Minyoo mikubwa lakini haifi. Huweza kuishi mwilini miaka 10 hadi 15, ikizaa tena dawa inapopungua nguvu. Kaya zikirukwa, inzi hakosi pa kuchota minyoo.

Sasa mtazame buu wake. Maji yaliyotuama hayamfai. Anataka maji ya kasi yenye hewa nyingi. Hutema uzi wa hariri kutoka kwenye tezi za mate, akaubandika juu ya jani au jiwe, kisha akajinasa hapo kwa duara la vikulabu vidogo vilivyo mkiani. Kichwa huelekea mkondo unakokwenda, vishada viwili vya nywele vikichuja chakula. Akibughudhiwa hujiachia, akateremka na uzi wake hadi ashike pengine. Pasipo pa kushika, hana maisha.

Kaskazini mwa Uganda udhaifu huo umetumiwa vizuri: wanavijiji walifyeka mimea iliyozama mtoni, na kuumwa na inzi kukapungua kwa karibu asilimia 90 au zaidi. Kenya iliwahi kuwamaliza inzi wa Nyanza kwa kumwaga DDT mitoni, miaka ya 1940 na 1950, ila leo nani akubali sumu hiyo kwenye maji ya kunywa? Panga halina madhara hayo.

Hata hivyo, mwamba haufyekwi. Tena yuko inzi jamii ya neavei, ambaye mabuu wake hujishikiza kwenye gamba la kaa wa mtoni. Majani nayo huota upya, na inzi wakubwa huweza kuruka kutoka mbali.

Mimi naunga mkono Mahenge ifyeke, dawa ikiendelea, kwa sababu minyoo tayari imo miilini mwa watu. Wataalamu wa wadudu watangulie kukagua mabuu wameshika wapi, na ufyekaji urudiwe kila majani yanapoota. Vijana watakaoingia mtoni ndio watakaoumwa zaidi. Wao wawe wa kwanza kumezeshwa dawa.