Kabla ya sera ya pamoja, tuulizane adui ni nani

Mpe mtafiti chipukizi mada ya mtangamano wa Afrika Mashariki, upande wa mambo ya nje na usalama, na kitu cha kwanza atakachokuletea ni Ibara ya 123 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ipo kweli. Mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 unazitaka nchi wanachama ziwe na sera za pamoja za mambo ya nje na usalama, kwa nia ya kufika siku moja kwenye shirikisho la kisiasa. Baada ya hapo atakupangia itifaki, yaani mikataba midogo iliyo chini ya Mkataba huo: ya uratibu wa sera za nje ya mwaka 2010, ya ushirikiano wa ulinzi ya 2012, ya amani na usalama ya 2013. Mwishoni ataandika kwamba msingi umeshawekwa, kilichopungua ni utashi wa kisiasa.

Nimesoma kazi nyingi za aina hiyo, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyoamini kwamba zinaanzia pasipofaa. Kusema utashi wa kisiasa umepungua ni kusema viongozi hawakufanya kwa sababu hawakutaka kufanya. Kwa nini hawakutaka? Hapo ndipo utafiti ulipaswa kuanza, na hapo ndipo wengi wanapofunga daftari.

Swali langu ni jingine, na ningependa litangulie mkataba wowote: je, majirani hawa wanakubaliana ni nani anayewatishia? Wakikubaliana, ushirikiano wa usalama unaweza kwenda hata bila itifaki. Wasipokubaliana, itifaki kumi hazitasogeza kikosi kimoja. Na kama tishio la mmoja ni mwenzake aliyeketi naye meza moja, basi tunazungumzia jambo tofauti kabisa na sera ya pamoja.

Chukua Somalia. Uganda ilipeleka askari Mogadishu mwezi Machi 2007 chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Burundi ikafuata kabla ya mwaka kuisha. Kenya ilivuka mpaka Oktoba 2011 kwa operesheni yake yenyewe, Linda Nchi, na mwaka uliofuata majeshi yake yakaingizwa AMISOM. Nchi tatu za Jumuiya, uwanja mmoja wa vita, adui mmoja, na hakuna hata moja iliyokwenda huko kwa agizo la Arusha, makao makuu ya Jumuiya. Itifaki ya amani na usalama ilikuwa haijasainiwa. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010 mabomu yalilipuka Kampala katikati ya watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Septemba 2013 ikawa zamu ya Nairobi, pale Westgate. Baada ya hayo hakuna waziri aliyehitaji kufafanuliwa kwamba al-Shabaab, wapiganaji wa Somalia waliofanya mashambulizi hayo, ni tatizo la wote. Somalia yenyewe imekuwa mwanachama wa Jumuiya mwaka 2024, miaka 17 baada ya Waganda wa kwanza kushuka Mogadishu.

Lakini hata hapo mtafiti makini hataishia kusifu. Atauliza nani alikuwa akilipa. Posho za askari wa AMISOM zilitoka Umoja wa Ulaya, na mwaka 2016 Brussels ilipopunguza mchango wake, kelele zilisikika katika miji mikuu ya nchi zenye askari. Tishio lilikuwa letu, damu ilikuwa yetu, lakini fedha ziliamuliwa kwingine. Mtu anayeandika juu ya sera ya pamoja ya usalama bila kufuatilia fedha ameacha nusu ya habari.

Sasa tutazame mashariki ya Kongo, ambako mambo yalikuwa kinyume: karatasi zilikuwepo zote.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisaini kujiunga na Jumuiya tarehe 8 Aprili 2022. Wakati huo waasi wa M23 walikuwa wameshaanza tena mapigano, na tarehe 13 Juni mwaka huohuo waliuteka mji wa Bunagana, mpakani na Uganda. Kinshasa iliituhumu Kigali kuwa nyuma ya waasi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika hivyo pia. Kigali ikakanusha, ikisema tatizo lake ni FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, walioko upande wa pili wa mpaka. Wote wawili ni wanachama. Wote wawili wamefungwa na Ibara ya 123.

Jumuiya ilifanya kile ambacho vitabu vinasema ingefanya: iliunda kikosi cha kikanda. Kenya, Burundi, Uganda na Sudan Kusini zilichangia askari. Rwanda ilikataliwa na Kinshasa. Bunge la Kenya liliidhinisha Novemba 2022 na askari wakaanza kuingia Goma. Hapo ndipo swali la adui ni nani lilipojitokeza kwa sura mbaya. Kinshasa ilitarajia kikosi kipigane na M23. Kikosi chenyewe, kwa vitendo, kilikaa katikati na kupokea maeneo ambayo waasi walisema wameyaachia. Katika mkutano wa wakuu wa nchi mjini Bujumbura, Februari 2023, kamera zilimnasa Rais Félix Tshisekedi akimwonya ana kwa ana kamanda wa kikosi, Meja Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya, asiwapendelee M23. Siku hizohizo wakazi wa Goma walikuwa barabarani wakiandamana dhidi ya kikosi hicho. Nyagah aliondoka mwezi Aprili akilalamikia usalama wake. Desemba 2023 kikosi kizima kikafunga virago, kwa sababu mwenyeji hakutaka kuongeza muda.

Mkanda huo wa Bujumbura ulinifundisha kuliko ripoti nyingi. Rais wa nchi mwanachama anamwona kamanda wa kikosi cha Jumuiya yake kama mtu anayemkinga adui yake. Kamanda naye anatekeleza majukumu kama alivyopewa na wakubwa wake. Itifaki ilikuwa ileile kwa wote wawili.

Kilichofuata kinastahili sura nzima ya tasnifu. Kongo iligeukia SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania wakaingia wakiwa na ruhusa ya kupigana. Tanzania! Mwanachama mwanzilishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambaye hakutoa askari kwa kikosi cha Jumuiya, akaenda uwanja uleule kwa kofia ya jumuiya nyingine. Wakati huohuo Burundi ilikuwa na askari wengine Kongo kwa makubaliano ya nchi mbili, na Uganda ilikuwa ikiwawinda ADF, waasi wenye asili ya Uganda, kaskazini zaidi katika Operesheni Shujaa tangu Novemba 2021, nayo kwa makubaliano ya nchi mbili. Ukitaka kujua nchi inaamini nini kuhusu usalama wake, angalia inatumia kofia gani pale jambo linapokuwa zito. Mara nyingi haikuwa kofia ya Arusha.

Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Wakuu wa Jumuiya walikutana kwa njia ya mtandao tarehe 29 mwezi huo, na Tshisekedi hakujiunga. Tarehe 8 Februari Jumuiya na SADC zikakutana kwa pamoja Dar es Salaam, zikataka mapigano yasitishwe mara moja bila masharti na zikawaagiza wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano. Wiki moja baadaye M23 walikuwa ndani ya Bukavu, mji mwingine mkubwa wa mashariki ya Kongo. Mwezi Machi marais wa Kongo na Rwanda walikutana Doha. Tarehe 27 Juni mawaziri wao wa mambo ya nje wakasaini makubaliano Washington. Majirani wawili, wanachama wa Jumuiya moja, wakipatanishwa na mataifa yaliyo mbali na Maziwa Makuu. Hili linaniuma, nasema wazi. Sioni aibu kupokea msaada wa kupatanishwa. Kinachoniuma ni kwamba tuna mahakama, bunge, sekretarieti na itifaki tatu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa chumbani.

Nadharia ya mtangamano tunayoifundisha inachangia upotofu huu. Ilizaliwa Ulaya miaka ya 1950: anza na biashara, na ushirikiano utamwagikia kwenye siasa na ulinzi. Hata huko kwao haukumwagika kirahisi. Mpango wa jeshi la pamoja uliuawa na Bunge la Ufaransa mwaka 1954. Sera ya pamoja ya mambo ya nje ilianza rasmi mwaka 1993 tu, na miaka kumi baadaye vita vya Iraq vikawagawa katikati. Mpaka leo maamuzi makubwa huhitaji kauli moja. Desemba 2023 viongozi wa Umoja wa Ulaya walikubaliana kufungua mazungumzo ya kuipokea Ukraine wakati Viktor Orbán wa Hungary akiwa ametoka nje ya ukumbi. Tena Ulaya Magharibi ilikuwa na NATO tangu 1949 ya kuiondolea swali la nani atailinda. Sisi hatukuwa na mlinzi wa namna hiyo. Umoja wetu wa forodha umeanza 2005, na bado mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019 hadi Januari 2022. Biashara haikuizuia siasa. Siasa ndiyo iliyofunga lango, na malori yakatafuta njia nyingine.

Wapo watakaosema sera ya nje ni pana kuliko vita, na kwamba kwenye diplomasia tunasikilizana zaidi. Nimejaribu kuwapa haki. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura juu ya uvamizi wa Urusi nchini Ukraine. Kura 141 ziliunga mkono azimio, 5 zilipinga, nchi 35 hazikuegemea upande wowote. Jumuiya wakati huo ilikuwa na wanachama sita. Kenya na Rwanda ziliunga mkono. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini zilijizuia. Siku chache kabla, balozi wa Kenya, Martin Kimani, alikuwa ametoa katika Baraza la Usalama ile hotuba iliyozunguka dunia nzima kuhusu mipaka ya wakoloni ambayo Afrika iliamua kuishi nayo. Alizungumza kwa niaba ya Kenya, si ya Jumuiya. Ninakiri kura ya Baraza Kuu haigharimu nchi kitu kikubwa, na mtafiti asiifanye kipimo pekee. Lakini ndiyo maana inanishangaza: kama hatuwezi kuratibu hata jambo la bei nafuu hivyo, itifaki ya 2010 inaratibu nini?

Kwenye biashara na Ulaya mambo yalikuwa magumu zaidi. Mazungumzo ya ubia wa kiuchumi yalikamilika kama Jumuiya mwaka 2014. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zikasaini, Tanzania ikakataa. Mwishowe Kenya ikasaini mkataba wa kwake peke yake Desemba 2023. Tanzania ilikuwa na sababu zake kuhusu viwanda vyake, na binafsi naona zilistahili kusikilizwa kuliko zilivyosikilizwa.

Sisemi tuzitupe itifaki. Mazoezi ya Ushirikiano Imara, yanayowakutanisha maofisa wa majeshi yetu, nayathamini sana. Watu wanaofahamiana kwa majina hupigiana simu kabla ya kupigana risasi. Ninachosema ni kwamba atakayechunguza mambo haya asome mikataba mwisho, baada ya kusoma kura, bajeti, ratiba za ndege za marais na majina ya makamanda walioondoka kabla ya muda wao.

Na kama kuna kijana anatafuta mada, ninayo moja. Ibara ya 3 ya Mkataba inataja vigezo vya kupokea mwanachama mpya: utawala bora, ukaribu wa kijiografia, uchumi wa soko na vinginevyo. Haimtaki mwombaji awe amemaliza au hata kuweka mezani ugomvi wa silaha alionao na mwanachama aliyemo. Kongo ilipokuwa inapokelewa, M23 walikuwa tayari wanapigana. Je, kuna aliyeliuliza hilo katika Baraza la Mawaziri kabla ya Aprili 2022? Alikuwa nani, alijibiwa nini, na kwa nini taarifa ya pamoja haikuligusa? Wengi wa waliokuwa ukumbini bado wapo, baadhi wameshastaafu na wanaweza kuzungumza bila hofu ya kibarua. Nendeni mkawaulize sasa.