Siku 45 zisigeuzwe usaili

Nikiwa mwaka wa nne wa udaktari kwa ufadhili wa jeshi la Marekani, kwa wiki nne mfululizo niliamka saa tisa na nusu usiku. Nilikuwa kwenye hospitali moja ya jeshi la majini la Marekani, na kabla raundi ya asubuhi haijaanza nilikuwa nimeshapitia majibu ya maabara ya kila mgonjwa wa timu, hata wale wasio wangu. Nilijua majina ya wahadhiri wote wenye sauti katika kuchagua madaktari wa kusomea ubingwa pale. Nilijua yupi anapenda mwanafunzi mwenye kuuliza na yupi anampenda mkimya. Siku ya mwisho mkuu wa idara alinipa mkono, akaniambia nimefanya kazi nzuri. Nikaondoka nimefurahi sana. Ilichukua muda kutambua kwamba katika wiki zile nne sikujifunza jambo hata moja ambalo nisingelipata katika hospitali ya chuo changu cha kiraia.

Haikupita miaka mitatu nikajikuta jangwani California, daktari wa kikosi cha Marine (askari wanaohudumiwa na madaktari wa jeshi la majini), nimemaliza mwaka mmoja tu wa utarajali. Mchana mmoja kijana alianguka katikati ya matembezi ya mizigo. Alikuwa anaongea maneno yasiyoeleweka, ngozi inawaka. Tulimpima joto kwa njia ya haja kubwa, likawa limepita nyuzi 41. Mimi akili yangu ilikimbilia nilikozoea: dripu, damu ya maabara, gari la wagonjwa limpeleke hospitali haraka. Askari tabibu aliyekuwa nami, kijana wa miaka 21 asiye na digrii, tayari alikuwa anafungua sanduku la barafu na kuchomoa mashuka yaliyolowekwa humo. "Afande," akasema, "tupoze kwanza. Gari litasubiri."

Alikuwa sahihi. Aliyepigwa na joto kwa sababu ya mazoezi hupozwa palepale alipoangukia, ndipo asafirishwe, kwa sababu kila dakika ambayo mwili unabaki juu ya nyuzi 40 inaunguza ubongo, ini na figo. Lengo ni kuushusha chini ya nyuzi 39 ndani ya nusu saa. Nilikuwa nimelisoma hilo kitabuni. Sikuwahi kuliona likifanywa, wala hakuna aliyewahi kunipa shuka lenye barafu mkononi akaniambia nianzie shingoni, kwapani na kwenye mapaja, na nilibadilishe kila linapopata joto. Yule aliyeanguka alipona. Usiku ule sikulala vizuri, na tangu hapo nimekuwa nikiyafikiria yale majira ya mwaka wa nne kwa uchungu.

Kwa wasioujua mpango huu: HPSP (Health Professions Scholarship Program) ni ufadhili wa majeshi ya Marekani kwa wanafunzi wa udaktari na fani nyingine za afya. Ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, wakati taifa lile likijiandaa kuacha kuandikisha watu jeshini kwa lazima, jambo lililotimia mwaka 1973. Kabla ya hapo madaktari nao waliitwa kwa amri. Baada ya hapo ilibidi washawishiwe. Jeshi linalipa ada yote, vitabu na posho ya kila mwezi, na mwanafunzi anaapishwa kuwa ofisa wa akiba wa cheo cha chini kabisa. Yeye analipa kwa utumishi, kwa kawaida mwaka mmoja kwa kila mwaka aliofadhiliwa, na miaka ya kusomea ubingwa ndani ya jeshi haipunguzi deni hilo. Katikati ya haya yote zipo siku 45 kila mwaka ambapo mwanafunzi anaitwa kwenye utumishi kamili na kulipwa mshahara wa cheo chake.

Siku hizo 45 ndizo ninazozililia.

Mara nyingi zinakwenda hivi. Kiangazi kimoja kinaliwa na kozi ya msingi ya uofisa. Sisi wa majini huenda Newport, Rhode Island, kwa wiki tano. Wa jeshi la nchi kavu huenda San Antonio, Texas. Wa anga huenda Montgomery, Alabama. Unajifunza kupiga saluti, kuvaa gwanda ipasavyo, kutambua vyeo. Ni mafunzo ya lazima na sina ugomvi nayo. Miaka ya katikati, wengi huomba amri za kubaki chuoni: unaendelea na wodi zako za kiraia kama kawaida, na mshahara wa siku 45 unaingia. Nilifanya hivyo mara mbili. Nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani na ratiba ya chuo haikuacha nafasi, kwa hiyo simlaumu mwanafunzi yeyote anayechagua njia hiyo. Kisha unafika mwaka wa nne, na siku zilizobaki zinageuka usaili mrefu kwenye hospitali unayotaka ikuchukue.

Sababu ni bodi inayogawa nafasi za kusomea ubingwa. Wenzetu wa kiraia wanapata majibu ya nafasi za ubingwa mwezi Machi. Sisi bodi ya pamoja ya majeshi hukaa karibu na mwisho wa Novemba na majibu hutoka Desemba. Nafasi ni chache, na katika baadhi ya fani zinahesabika kwa vidole. Wanaoamua wanafahamiana, nao ni binadamu. Wanampendelea waliyemwona akifanya kazi kuliko jina lililo kwenye karatasi. Mwanafunzi mwenye akili anafanya hesabu: mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Oktoba, kwa hiyo akipanga vizuri anaweza kwenda hospitali moja mwishoni mwa kiangazi kwa bajeti ya mwaka unaokwisha, na nyingine mwanzoni mwa Oktoba kwa bajeti ya mwaka mpya, kabla bodi haijakaa. Nilipanga hivyo mimi mwenyewe, na niliwafundisha walionifuata wapange hivyo. Nilikuwa nawasaidia wapate nafasi. Sikuwa nawasaidia wawe madaktari wa askari.

Na tofauti hiyo ina damu ndani yake. Mwaka 2012 ulitolewa uchunguzi wa vifo 4,596 vya wanajeshi wa Marekani katika vita vya kuanzia 2001 hadi 2011. Wengi mno walifia kabla ya kufika hospitali, na kati ya hao karibu robo walihesabiwa kuwa huenda wangeweza kuokolewa. Takribani tisa katika kila kumi ya hao wa kuokoleka waliuawa na kutoka damu. Vifo vile vilitokea kabla ya hospitali kubwa zenye mashine na wahadhiri kuingia kazini. Vilitokea kwenye vumbi, mikononi mwa askari tabibu, na askari tabibu huyo anafundishwa, anakaguliwa na anaongozwa na daktari wa kikosi, ambaye mara nyingi ni kijana aliyetoka utarajali juzi. Katika jeshi la majini hasa, utaratibu wa kumpeleka daktari kwenye meli au kikosi cha Marine kabla hajasomea ubingwa wowote ni wa miaka mingi. Mtu huyo ndiye niliyekuwa mimi, na siku 45 zangu nilizitumia kukariri majina ya wahadhiri.

Najua lipo jibu la haraka: mambo ya uwandani utayajifunza ukishapangiwa kikosi. Kwa kiasi fulani ni kweli, kozi zipo. Lakini tazama wenzetu wa chuo kikuu cha tiba cha majeshi kule Bethesda, kilichoanzishwa kwa sheria ileile ya 1972. Wao ni wanajeshi kamili tangu siku ya kwanza na wanadaiwa miaka saba. Kabla ya kuhitimu wanapelekwa Pennsylvania kwenye zoezi liitwalo Bushmaster, wanakaa porini, wanaongoza wenzao na kupokea majeruhi wa kuigiza usiku na mchana huku wakaguzi wakiwaangalia. Mtu huyo akifika kikosini anajua redio inashikwaje na uamuzi wa nani aondolewe kwanza unaumiza namna gani. Sisi wa HPSP ndio wengi kati ya madaktari wapya wa majeshi, na tunafika bila hayo. Askari aliyelala chini hawezi kutofautisha daktari wa chuo kile na daktari wa ufadhili. Ana haki ya kupata ujuzi uleule kwa wote wawili.

Ningepewa kalamu, kiangazi kimoja kati ya vinne kingekuwa cha kikosi, na kisingebadilishwa na kitu kingine. Wiki nne na askari tabibu. Si kwenye hospitali: kwenye hema la kikosi, kwenye zahanati ya kambi saa kumi na mbili asubuhi wakati askari wanapanga foleni na magoti yao, vifundo vyao na hofu zao wasizotaka kuziandikisha. Mwanafunzi afunge mkanda wa kuzuia damu gizani mpaka mikono ijue yenyewe. Abebe machela. Apoze mtu kwa barafu. Aone pia mzigo wa siri wa kazi hii, kwamba mgonjwa anapokuambia halali usingizi, anakutazama kwanza kama daktari, halafu anautazama ukosi wako wenye cheo, na anapima kama aendelee kusema. Hilo halifundishiki kwa slaidi. Nimejaribu.

Wiki za usaili zibaki, lakini zitengwe na zilipiwe peke yake, mwanafunzi asilazimike kuchagua kati ya mustakabali wake na kazi atakayoifanya kweli. Amri za kubaki chuoni zibaki kwa wale ambao ratiba imewabana kabisa, kama ilivyonibana mimi, ila mara moja tu.

Kiangazi kama hicho kingekuwa pia na faida kwa mwanafunzi mwenyewe. Wengi wanasaini mkataba wakiwa na miaka 22, wakitazama deni la chuo ambacho ada yake pekee inaweza kupita dola 60,000 kwa mwaka. Ninaielewa hofu ile kwa sababu nilikuwa nayo. Ni vigumu kujua unachokiahidi kabla hujakaa na watu unaowaahidi. Wiki nne kikosini hazifuti mkataba, lakini zinakupa sura za watu wa kuwafikiria unaposoma usiku.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza mwezi uliopita aombe nini kwa kiangazi kijacho. Nilimwambia aandikie ofisi inayosimamia wafadhiliwa aombe nafasi na kikosi, hata wakimjibu kwamba si kawaida, kisha aandike tena. Na akipata, siku ya kwanza asimtafute daktari. Amtafute askari tabibu mwenye uzoefu, amwombe amwonyeshe mkoba wake, kitu kimoja kimoja, na kwa nini kila kimoja kimewekwa pale kilipo.